Studio ya Stoo, Bunju

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimenyang'anywa! Jumapili hii ni jubilei ya parokia, na ule wimbo mpya, ile sehemu ya kuimba peke yako, kapewa Erasmus. Erasmus! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu anayefuga kuku na kuongea nao. Mwalimu Albano katangaza mbele ya kwaya nzima, meno yote nje. Eti sauti yangu ni nzuri kwa kujazia. Kujazia! Mie kifusi?

Shida kubwa siyo Albano. Shida ni mama. Anakuja kutoka Mbinga kunisikia, maana nilishamwambia kitambo kwamba mwimbaji ni mie. Nilikuwa na uhakika. Leo nimempigia nimweleze ukweli. Kabla sijafungua mdomo kaniambia gauni limeshatoka kwa fundi na jumuiya yake wamemwombea safari. Nikamuuliza habari za kahawa. Nikakata simu.

Lakini Adelard hakanyagwi hivihivi. Nitaurekodi wimbo huohuo mwenyewe, nyumbani, na kuutoa kabla ya Jumapili. Nimenunua maiki, hedifoni, kisanduku cha kuunganishia maiki na kompyuta, na kitabu cha kujifunzia studio ya nyumbani. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mtu mwenye akili anasoma, anafanya. Albano hajawahi kusoma kitu zaidi ya noti zake.

Genoveva, mke wangu, kauliza vitu hivyo ni vya nini. Nimemwambia ni vya ofisini.

Jumanne, 5 Agosti

Kitabu kinasema chumba kwanza. Ukuta mtupu unarudisha sauti, kwa hiyo uvalishwe vitu laini. Nimechagua stoo. Nimetoa mkaa, ndoo na baiskeli ya Loveness, binti yetu anayesoma bweni. Kisha nimeaga kazini kwamba jino linauma, nikaenda Keko kwa mafundi wa sofa kuomba vipande vya sponji. Kutoka Bunju mpaka Keko! Jiji zima nimelivuka. Fundi mmoja kaniuliza natengeneza godoro la nani. Nikamwambia natengeneza studio. Akawaita wenzake waje kuniangalia.

Nimebandika sponji zote kwa gundi. Nikatoka kunywa maji. Nikarudi. Zote chini! Na sponji moja imening'inia kwenye fulana yangu, haitoki.

Nimechukua godoro la wageni, nikaliegemeza ukutani. Linafaa kabisa. Genoveva kauliza mama atalalia nini. Hilo siyo swali, huo ni uchokozi.

Jumatano, 6 Agosti

Hasira zangu leo hata kitabu kimezisikia. Nimekitupa.

Nilikiokota. Kinasema maiki ya aina yangu haisikii kitu mpaka uiwashie umeme wa mzimu. Ndivyo walivyotafsiri. Nikasoma kwa sauti ili nielewe: "Bonyeza kitufe, mzimu utaingia ndani ya maiki." Genoveva alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akaenda chumbani, akarudi na chupa ya maji ya baraka, akanyunyizia stoo nzima. Kisanduku, kompyuta, godoro, mie. Nimekausha kisanduku kwa kitenge chake kipya. Hapo ndipo akasema maneno. Mengi.

Kisanduku kikawaka. Nikavaa hedifoni, nikaimba. Sauti yangu ikawa inanijia imechelewa! Mie niko ubeti wa pili, yule wa kwenye hedifoni bado anamalizia wa kwanza. Nikimsubiri, ananisubiri. Nikiongeza kasi, ananifuata nyuma kama mdeni. Nimegombana naye jioni nzima. Kitabu kinasema kuna namba ya kushusha. Nimeishusha hadi mwisho. Sasa sauti haichelewi, inakatika vipandevipande, kama mtu anatafuna bisi huku anaimba Aleluya. Mwishowe nimevua hedifoni. Nitaimba bila kujisikia. Nani asiyeijua sauti yake mwenyewe?

Alhamisi, 7 Agosti

Erasmus anafanya mazoezi uani kwake kila jioni. Sauti inaruka ukuta na kuingia kwenye maiki yangu. Makusudi! Anajua narekodi. Sijamwambia, lakini anajua.

Nimemfuata, nimetulia kama sista wa hospitali. Nimemwambia nimesikia daktari mmoja redioni akisema waimbaji wakubwa huwaga wanapumzisha koo siku za mwisho. Wanaimba kwa kunong'ona tu, sehemu tulivu, mbali na vumbi la kuku. La sivyo koo linapasuka siku yenyewe. Erasmus kashika koo. Kanishukuru, kanipa na mayai. Kasema, "Braza, wewe ndiye ndugu wa kweli."

Mjinga kabisa. Mayai ni mazuri lakini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Siendi kazini. Nimerekodi!

Stoo imefungwa, dirisha limezibwa na blanketi. Joto la tanuri. Nimeimba nimevua shati. Mara ya kwanza nikakohoa. Ya pili Genoveva kagonga, anauliza ndoo niliziweka wapi. Ya tatu nikasahau kubonyeza kitufe chekundu, na hiyo ndiyo niliyoimba vizuri kuliko zote, Mungu ni shahidi, na hakuna shahidi mwingine. Niliyoibakiza ina kikohozi kidogo katikati. Ina hisia.

Upande wa Erasmus kimya kabisa. Nilichungulia juu ya ukuta mara moja tu. Kahamisha kiti, kajibanza kivulini nyuma ya stoo yangu, mbali na banda la kuku, midomo inachezacheza. Ananong'ona wimbo. Ushauri wangu umemwingia. Jumapili atakuwa hana sauti hata ya kuomba chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimesoma sura ya kibanio. Ni kitu ndani ya programu ya kompyuta kinachokandamiza sauti kubwa na kuinua ndogo. Kitabu kinaonya utumie kidogo. Waoga! Nimekisukuma hadi mwisho.

Maajabu! Nyuma ya sauti yangu kumetokea mwangwi mtamu ajabu. Laini, umenyooka. Na mwangwi wenyewe unapanda juu kuliko mimi. Pale ninapovutavuta pumzi, wenyewe unaendelea. Teknolojia hii! Nimesikiliza nikatokwa na machozi. Huyo ndiye mie ambaye Albano hakutaka kumsikia.

Nimeutuma kwenye kundi la kwaya mchana huohuo, na maneno haya: "Mwenye masikio na asikie." Kisha nikaenda stendi kumpokea mama. Gauni lake la kijani. Mrembo. Kaniuliza koo linaendeleaje. Nikakohoa. Nikamwambia linasumbua kidogo, huenda kesho nikampisha jirani, kwa upendo tu.

Analala kitandani kwetu na Genoveva. Godoro la wageni linanuka gundi. Nimelala mie juu yake. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Erasmus hakukosa sauti. Siku tatu za kunong'ona zimelilainisha koo lake! Kaimba kanisa zima likanyamaza, hadi watoto. Mama kasimama kabla ya watu wote. Nikamvuta gauni akae. Hakukaa.

Nje ya kanisa Mwalimu Albano kanikumbatia. Mbele ya watu. Kasema, "Adelard, nilikufikiria vibaya. Kumbe ulikubali. Ukamchukua Erasmus, ukarekodi naye, mwenyewe ukamjazia! Huo ndio moyo wa kwaya."

Nikamwambia hakuna Erasmus pale, ule ni mwangwi. Wakacheka wote. Erasmus mwenyewe kasimama hapo, mdomo wazi, anasema hajarekodi na mtu, yeye alikuwa amekaa kivulini tu. Halafu kanigeukia, kanitazama, kaelewa kabla yangu. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kasema taratibu, "Braza, ungeniambia tu. Ningekuja."

Kanionea huruma! Muuza mayai!

Nyumbani mama akataka kusikia wimbo unaozungumzwa. Genoveva, msaliti, akauweka kwenye simu. Mama kafumba macho. Mwanzoni akatabasamu.

"Huyu ni yule kijana wa kanisani," akasema.

"Ndiyo, mama," akajibu Genoveva.

"Anaimba vizuri, maskini. Na huyu mwingine anayemwingilia ni nani?"

Genoveva akajifanya anatafuta sukari.

"Ni mie, mama," nikasema.

Halafu kikohozi changu kikapita kwenye simu. Mama akafungua macho, akanishika mkono. "Ade, mwanangu. Unadhani nimesafiri siku nzima kwa ajili ya wimbo? Nyimbo hata Mbinga zipo. Nimekuja kukuona wewe. Mbona umekonda hivi?"

Nikaenda stoo. Nikafunga mlango. Nimelia kwa hasira, siyo kwa kitu kingine. Hasira tupu. Kitabu nimekirarua kurasa za kibanio.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama kaondoka leo. Wiki nzima kakaa na Genoveva uani, wanachambua mboga, wanaacha kuongea nikipita. Erasmus kamletea trei la mayai la safari. Kaniambia tena kwamba niko huru kumwita siku yoyote turekodi pamoja, yeye kulia, mie kushoto. Genoveva kasema ni wazo zuri. Mama kasema ni wazo zuri. Nikasema nitaangalia ratiba yangu.

Wote wamenipangia njama. Sioni kosa langu liko wapi. Maiki ilifanya kazi. Wimbo uliwaliza watu. Ishu ilikuwa ukuta, na mfasiri.

Stendini, mama kashapanda, kashakaa dirishani, amani usoni. Kaniambia nisijisumbue tena, awe anapata simu yangu tu, na ukweli, hata kama ni mdogo. Nikaitikia. Kabisa nikaitikia. Halafu basi likawaka, nikamwona anavyoniaga kama mtu anayemuaga mgonjwa, damu ikanipanda. Nikakimbia kando ya dirisha nikampigia kelele kwamba aje tena Krismasi, maana wiki hii wamenichagua kuwa mwalimu wa kwaya.

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Basi likaondoka. Tayari kashanipigia. Jumuiya wameshaambiwa.

Sijui kupiga kinanda. Lakini Krismasi iko mbali, na njiani nimenunua kitabu.