Leo Nimeombewa Mbele ya Bosi

Leo nimeaibika nikiwa nimefumba macho na kuinamisha kichwa kwa heshima. Aibu ya namna hiyo sikujua iko duniani.

Niwaeleze polepole. (Mimi huandika polepole hata siku zisizo na aibu.)

Ninafanya kazi hapa Keroka, katika ofisi ya kutuma mizigo. Akina mama wanaleta ndizi, viazi vitamu na maziwa ya mala, tunaandika jina la mtoto anayetumiwa, tunapakia kwenye gari la Nairobi, na mtoto anapokea jioni. Tuko watu watatu tu. Madam Moraa ndiye mkubwa wetu. Ouma, mtu wa kutoka upande wa ziwa, anakata risiti. Mimi ninabeba. Watu watatu, lakini siasa zetu zinatosha kaunti mbili!

Madam na Ouma hawasemezani. Kila mmoja anaamini mwenzake anataka kiti chake. Wanakaa kwenye meza moja, na mimi ndiye simu yao.

"Mokua, mwambie Ouma afunge dirisha."

Ouma yuko hapo hapo. Akinyoosha kiwiko anamgusa.

"Ouma, Madam anasema ufunge dirisha."

"Mwambie Madam mala imemwagika. Tunataka hewa."

Ninamwambia. Kila mmoja anafikiri mimi ni wa upande wake, kwa sababu sijawahi kumpinga. (Simpingi mtu yeyote. Mbuzi akinizibia njia, mimi ndiye ninayezunguka.)

Lakini moyo wangu hauko Keroka. Uko Nyacheki, nyumbani. Huko kuna kitalu cha miche ya chai, na mwenye kitalu anatafuta mtu. Nilienda kumwona nilipokuwa likizo. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alinipa mche mmoja nihamishe, akaangalia mikono yangu, akasema, "Huna haraka. Vizuri. Miche haipendi watu wa haraka." Kutoka kwenye kile kitalu unaona shamba letu. Asubuhi ukungu ukianza kuinuka, unaona kwanza kitambaa cha kichwani cha mama yangu juu ya majani ya chai, halafu kikapu chake, halafu yeye mwenyewe. Tangu siku ile, nikibeba mkungu wa ndizi hapa, ninawaza hilo tu. Kila mzigo ninaopakia unaenda kwa mtoto wa mtu. Mimi pia ni mtoto wa mtu, lakini bado ndiye ninayepakia.

Yule mzee mwenye kitalu aliniwekea sharti. "Sitaki kusemwa kwamba nimeiba mfanyakazi wa mtu. Mwambie bosi wako mwenyewe. Mimi nitampigia simu nisikie tabia yako, halafu nitaamua."

Basi nikaanza kutafuta siku nzuri ya kumwambia Madam. Ukimwambia akiwa na hasira na Ouma, atasema Ouma ndiye amekutuma uhame ili abaki peke yake. Ukimwambia Ouma akiwa anasikia, atasema Madam amekufukuza. Nilingoja mpaka nikaanza kuota nikisema yale maneno.

Mtu mmoja tu ndiye alijua: mama yangu. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Kitalu, sharti la mzee, Madam na mdomo wake, Ouma na mambo yake. Nikamwambia, "Mama, usimwambie mtu."

Akasema, "Nimwambie nani, tata? Hili ni langu na Mungu." (Kwetu mama humwita mwanawe tata, yaani baba. Ukiitwa hivyo unaamini chochote.)

Sikujua kwamba njia ya kwenda kwa Mungu inapita kwa akina mama wote wa kanisa!

Leo asubuhi nikaona siku imefika. Madam alikuja amebeba mandazi, akakata kipande, akakisukuma mezani mpaka upande wa Ouma. Hakusema kitu. Ouma naye hakusema kitu, lakini alikila. Hiyo kwetu ni sherehe.

Ouma alipotoka kwenda kuangalia gari, nikasimama mbele ya meza.

"Madam, nina neno."

"Sema."

Akaingia mteja na kuku. Tukamwambia kuku hatutumi. Akabishana, akaenda.

"Madam, nilikuwa nasema…"

Ouma akarudi. Nikanyamaza. Akatoka tena. Nikavuta pumzi. "Madam, mimi…"

Mlango ukajaa vitambaa vyeupe vya kichwani.

Walikuwa akina mama wa kanisa letu, kutoka Nyacheki! Walikuwa wametoka kufariji familia moja huku juu, wakaona si vizuri kupita Keroka bila kumsalimia mtoto wao. Mbele yao alikuwa Mama Kerubo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nyuma kabisa, mdogo na mwenye tope viatuni, alikuwa mama yangu.

Jamani, sikuwa nimemwona mama tangu ile likizo. Nilitaka kumkimbilia. (Sikukimbia. Madam alikuwa anaangalia.) Alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa na ule weusi wa majani ya chai ambao hautoki. Akaninong'oneza, "Jambo lako tumelishika."

"Mmelishika? Na nani?"

"Sisi wote."

Kabla sijajibu, Mama Kerubo akaniweka mkono kichwani na kunikandamiza kidogo, kama mtu anayefunga sufuria. "Hatuwezi kuondoka bila maombi," akasema. Madam akasimama kwa heshima. Ouma, aliyekuwa ameingia nyuma yao, akavua kofia.

"Tata Nyasae," akaanza, yaani Baba Mungu, kwa Ekegusii chetu. Nikajipa moyo: angalau Ouma hatasikia yote. Lakini Mama Kerubo akanyamaza ghafla. Nikafungua jicho moja. Naye alikuwa amefungua moja, na lilikuwa linamtazama Ouma.

"Tuna ndugu mgeni hapa," akasema. "Tuombe kwa Kiswahili, asibaki nje."

Nikaisha.

"Mungu Baba, tunakuletea mtoto wetu Mokua. Unajua ofisi hii imemchosha."

"Amina," wakaitikia.

"Unajua anataka kazi ya kitalu kule Nyacheki. Si kile cha mtoni, Baba. Kile cha juu, chenye lango la mabati." (Mama Kerubo hataki Mungu agonge mlango wa watu wengine.)

"Amina!"

"Lainisha moyo wa bosi wake, yule mama mwenye mdomo wa moto. Akipigiwa simu, atoe maneno matamu."

"Mlainishe, Bwana!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yangu. Niliijua vizuri. Ndiyo iliyonifundisha kuongea.

Nilijaribu kukohoa, labda atakatiza.

"Na kikohozi hiki kitoke!"

"Kitoke!"

Huku kwetu unaweza kumkatiza chifu. Mtu anayeomba humkatizi. Hata yule kuku angenyamaza. Nikabaki chini ya ule mkono, jasho likinitoka, nikingoja.

"Na yule mwanamume, Baba, anayekula ndizi za wateja na kusema zilioza njiani, liguse tumbo lake."

"Liguse!"

"Amina."

"Amina!" Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ouma.

Tukafungua macho. Nilitazama mizigo na kutamani kupakiwa. Mama yangu alimtazama Madam, akamtazama Ouma, akanivuta shati.

"Ndio hawa?" akaninong'oneza.

"Ndio hawa, Mama."

Akajifunika mdomo kwa leso.

Ouma akarudisha kofia kichwani polepole. "Mokua," akasema, "mwambie Madam ndizi ilikuwa moja."

Nikafungua mdomo kupeleka ujumbe. Madam akaniinulia mkono ninyamaze. Akageuka, na tangu niajiriwe, nikamwona kwa mara ya kwanza akimtazama Ouma usoni.

"Moja, Ouma?"

"Mbili. Lakini na wewe, Madam, huo moto hata Nyacheki wameusikia."

Madam akakaza midomo. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha akacheka mpaka akashika meza, na Ouma akacheka, na akina mama wakacheka kwa sababu wenyeji wanacheka. Waliokuwa hawasemezani wamepatana, na kilichowapatanisha ni mimi! (Ujumbe wao wote nimebeba, na siku ya kupatana sikuhitajika.)

Wageni wakapewa chai. Walipokuwa wakiondoka, mama alinipa ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwa jani, akaninyoosha kola kama ninaenda shule. "Nilidhani tunasaidia," akasema. Nikamwambia mmesaidia, Mama. Nikasimama mlangoni mpaka kile kitambaa cheupe cha nyuma kikapotea kati ya malori.

Tulipokaribia kufunga, simu ya Madam ikalia. Alisikiliza kidogo, akanitazama, akaiweka kwenye spika tusikie sote. Ilikuwa sauti ya yule mzee wa kitalu.

"Nauliza kuhusu kijana wako. Ana tabia gani?"

Ouma alifumba macho na kuinamisha kichwa, mjinga huyu. Madam akasogeza simu karibu na mdomo.

"Huyu," akasema, "ni kijana wa maombi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nimeshuhudia."

"Basi ni vizuri. Mwambie mvua ikianza nitamwita. Sasa ardhi imekauka, siwezi kupanda."

Simu ikakatika. Madam akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Ungeniambia tu, Mokua," akasema, bila moto wowote. "Ningekasirika mpaka saa nane, halafu ningekuachilia." Nikataka kumwambia nilikuwa nimejaribu, tena mara tatu, kabla ya kuku na baada ya kuku. Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Sasa niko kwenye chumba changu, nimekula zile ndizi, nimebaki na jani. Linanukia moshi wa jiko letu, kwa hiyo sijalitupa. Kila nikimaliza sentensi ninatoka nje kuangalia juu. Huku kwetu mvua hunyesha hata usipoihitaji, hunyesha juu ya harusi, hunyesha juu ya nguo. Leo hakuna hata wingu.

Nimefikiria kumpigia mama aombe inyeshe. Lakini nitamwuliza kwanza: kwa sauti, au kimya?

Naombeni msinicheke. Na ambaye hawezi kujizuia, acheke akiwa amefumba macho, kwa heshima.