Mti Ulionyooka

Jumatatu, 3 Machi
Ukuu wa kitengo ni wangu. Mke wangu ameshawatangazia ndugu zake, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Bosi anataka programu ya kutafuta majina ya wagonjwa wa kliniki. Ijumaa tunaionyesha, mimi na mwenzangu wa ofisini tunayemwita Miwani, kila mtu na yake, na atakayemridhisha anapewa kiti. Sote tunatumia mti, yaani mpangilio wa majina ndani ya kompyuta: jina jipya likitangulia kialfabeti lile lililopo linakaa tawi la kushoto, likilifuata, la kulia. Miwani anayaingiza majina shaghalabaghala. Mtu mzima! Mimi nimeyapanga kwanza, A hadi Z. Ofisi hii ina watu wachache wenye akili.

Jumanne, 4 Machi
Mti wangu umetoka safi. Hauna tawi la kushoto hata moja. Miwani kachungulia, kasema huo si mti, ni fimbo. Anayetafuta jina la mwisho atayapitia yote yaliyotangulia. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimetafuta jina la mwisho. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado. Kisha programu ikazimika: kumbukumbu imejaa. Kompyuta gani hii, inashiba upesi kama mtoto mchanga! Shemeji yangu, katibu muhtasi, alipoenda kula nimefungua kompyuta yake, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaichomeka kwangu. Ni mdogo wa mke wangu. Cha ndugu si cha kuombwa.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi akaomba jina la Z. Miwani alilipata papo hapo. Langu tulilisubiri mpaka bosi akaanza kukagua dari, kisha programu ikafa, licha ya kadi zote mbili. Hapo akaingia shemeji na fundi, wakiulizia kadi. Shemeji alinitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba haya anayapeleka kwa dada. Kiti kapewa Miwani. Nyumbani hakuna anayenisemesha. Imeniuma, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewekwa chini ya Miwani, eti nijifunze. Kanieleza polepole, kama anayelisha uji, kwamba mti wake ukielemea upande mmoja unayazungusha matawi wenyewe hadi ukae sawa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Alipotoka nikaisoma sehemu hiyo ya kuzungusha. Mistari chungu nzima, na kazi yake ni kukorogakoroga tu! Nimeifuta yote, nikamwingizia majina upya, A hadi Z. Kesho asubuhi kliniki inaanza kuitumia. Hata asante sitaidai.