Graniti Iliyojipenyeza kutoka Juu

Umma wa Unguja unaarifiwa, kwa furaha rasmi, kwamba kisiwa hiki kina dhahabu na shaba. Kilichobaki ni kuzipata tu, na kazi hiyo ndogo ilikabidhiwa Idara ya Mawe Magumu, ambayo mimi, Msabah bin Jaku, nilikuwa karani wake wa kwanza na wa mwisho.

Idara ilifunguliwa mwaka 1954, katika ghorofa ya chini ya nyumba moja ya Shangani. Ghorofa ya juu aliishi Mkurugenzi, Bwana Kroli, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, aliyewahi kusoma kitabu kimoja cha madini na kukipenda mno. Kitabu kilisema kwamba dhahabu na shaba hupatikana kandokando ya graniti, lile jiwe gumu la madoadoa, pale linapojipenyeza kutoka chini ya ardhi. Mtu mwingine angeona kikwazo, maana Unguja ni matumbawe matupu na graniti haijapata kuonekana. Bwana Kroli hakukiona. "Haijatafutwa," alisema, nami nikaiandika kauli hiyo nakala tatu.

Tukapeleka waraka kwa masheha wote. Kifungu cha kwanza: kila jiwe gumu liripotiwe. Kifungu cha pili: ikionekana graniti, wote wanaokaa ndani ya hatua mia moja wahame kwa siku saba ili uchimbaji uanze. Kifungu cha tatu sikikumbuki, lakini kilikuwa kikali.

Sheha mmoja wa kaskazini aliripoti kichwa cha mkwewe. Tukamjibu kwamba Idara inashughulika na mawe tu, ila suala lake litafikiriwa.

Mwezi wa nne ikaja barua ya Sheha Borafya, kutoka upande wa Makunduchi. Alieleza kwamba Bi Mashavu, mjane mkulima wa muhogo, ana jiwe jeusi la madoadoa mlangoni kwake, na kijiji kizima hunolea mapanga hapo. Tukaondoka siku ileile.

Bwana Kroli alipoliona alipiga magoti, akaligonga kwa nyundo, akalilamba. Akainuka, akajifuta midomo.

"Graniti," alisema.

"Shikamoo, Bi Mashavu," nikasema mimi.

"Marahaba, mwanangu. Huyo bwana ana njaa?"

"Anafanya uchunguzi."

"Basi mwambie asilambe upande huo. Jana tumepigia pweza."

Nikamuuliza jiwe limetoka wapi. Akasema lilikuja ndani ya chombo cha Wahindi, farumi la kutia uzito, babu yake akalipata Forodhani kwa kuku wawili na kulileta kwa gari la ng'ombe. Nikamfasiria Bwana Kroli. Akatafakari. Kitabuni graniti hutoka chini. Hii ilikaa juu, na chini yake palikuwa na mchanga na yai moja la kuku.

"Andika," akaniambia, "kwamba graniti ya Unguja hujipenyeza kutoka juu."

Vibarua wakachimba kando ya jiwe. Kabla ya adhuhuri tukapata shaba. Shaba ya kusini mwa Unguja, kwa faida ya wataalamu, hupatikana katika umbo la kitako cha sufuria. Baada ya sala tukapata dhahabu, ndogo, inang'ara, umbo lake la kipini cha puani.

"Kipini changu!" Bi Mashavu akapiga ukelele. "Kilinipotea siku ya harusi ya mwanangu Khamisa! Miaka sita sisemi na shangazi wa bwana harusi kwa ajili yake!"

"Mwambie hayo ni madini," akasema Bwana Kroli.

"Ni madini, Bi Mashavu."

"Madini yana skrubu?"

Nikatazama. Yalikuwa na skrubu. Nikaandika kwamba dhahabu ya kisiwa hiki hutoka ardhini ikiwa imekamilika, na hivyo Serikali haitahitaji sonara. Bwana Kroli akaitia katika kisanduku cha kioo.

Halafu ikanibidi nimsomee Bi Mashavu kifungu cha pili. Aliketi juu ya jiwe akanisikiliza mpaka mwisho. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, chokaa waliichoma wenyewe. Muhogo ulikuwa bado miezi miwili uvunwe.

"Siku saba," akasema. "Nende wapi mie?"

Nikaupindua waraka nyuma. Hakukuwa na kitu. Nakiri kwamba kwa dakika moja niliona haya, jambo lisilo katika majukumu yangu.

Bi Mashavu akafuta macho kwa upindo wa kanga. Akalipapasa jiwe.

"Mwanangu, jiwe hili sasa la nani?"

"La Serikali."

"Basi lichukueni. Mie mjane, siwezi kulala na mali ya Serikali mlangoni. Likiibwa nitajibu nini?"

Nilipomfasiria, Bwana Kroli aliguswa sana. Akasema hajapata kumwona raia mtiifu kama huyu. Wanaume wanane wakalipakia jiwe katika lori, na jioni likawa mbele ya ofisi yetu Shangani, limezungushiwa kamba, na kibao: USINOE.

Siku ya saba Bwana Kroli alipata mgeni mkubwa. Katibu wa Serikali mwenyewe alikuja kuiona dhahabu. Tuliandaa chai na visheti. Ikapigwa hodi, wakaingia Bi Mashavu na Sheha Borafya.

"Samahani, Bwana," Bi Mashavu akamwambia Mkurugenzi, "leo siku yangu ya kuhama. Nimekuja kuuliza graniti iko wapi."

Nikamjibu mimi. "Iko hapo nje, Bi Mashavu. Umeipita."

"Na kwangu ni hatua ngapi kutoka hapo? Nlianza kuhesabu, nikachoka, nikapanda gari la shamba."

"Ni zaidi ya mia."

"Na kiti cha Bwana?"

Mimi ni karani. Nikiulizwa kipimo, napima. "Hatua nane."

"Na kitanda chake huko juu?"

"Ishirini na tisa, pamoja na ngazi."

"Upuuzi!" akafoka Bwana Kroli nilipomfasiria. "Jiwe limeletwa tu hapo!"

"Na kwangu lililetwa," akasema Bi Mashavu.

Katibu akaweka kikombe chini, akaomba waraka, akausoma polepole. Kisha akamweleza Bwana Kroli, kwa upole wa kutisha, kwamba anaweza kuufuta. Aandike tu kwamba jiwe la kubebwa na watu wanane si dalili ya madini, na kwamba Idara haijapata kitu tangu ifunguliwe.

Bwana Kroli alitazama kitabu chake mezani.

"Graniti ya Unguja," akasema kwa sauti ndogo, "hujipenyeza kutoka juu."

"Basi una siku saba," akasema Katibu, akachukua kisheti.

Katika mazungumzo hayo hakuna aliyekiangalia kisanduku cha kioo. Tulipogeuka, Bi Mashavu alikuwa amekwisha kaza skrubu puani. Katibu akaitazama ile pua, akakitazama kisanduku kitupu, akaniamuru niandike kwamba akiba ya dhahabu imehifadhiwa kwa raia mwaminifu.

Bwana Kroli alihamia katika hema, Mpendae, nje ya mji. Vibarua wakavunja sakafu ya ofisi, wakachimba kimo cha watu watatu. Dhahabu hatukupata. Tulipata maji, matamu, baridi, na kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Ramadhani, habari ilifika kila baraza kabla vibarua hawajatoka shimoni. Idara ikafungwa, nami nikapandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Kisima.

Asubuhi moja Bwana Kroli akaja kwa baiskeli, ndevu hazijanyolewa, ameshika jagi. Akaupita mstari wa wateka maji moja kwa moja mpaka mbele. Bi Kidawa, muuza vitumbua, akamwekea ndoo mbele ya miguu.

"Bwana, mwisho wa mstari uko kule, kwa muuza kahawa."

Bwana Kroli akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kamba ya kisima, nikaona inahitaji kukazwa, nikaikaza. Kisha akaenda kule, akasimama na jagi lake nyuma ya bibi mwenye madebe manne.