Leza Ilivyonishushia Shavu Siku Mbaya

Wenzangu, leo uso sina. Nimeuacha Mji wa Kale, ghorofani kwa mavyaa yangu, mbele ya wanawake wasiopungua ishirini na tano. Atakayeuokota aufunike na kawa.

Siku nne zilizopita niling'olewa gego la mwisho, lile linaloota ukubwani na watu wakaliita jino la akili. (Akili yenyewe mtaiona huko mbele.) Lilikuwa limelala ubavu ndani ya ufizi, halitaki kutoka wala kukaa vizuri. Kliniki iko Tudor, na daktari ni msichana mmoja mpole, Dakta Shufaa, ana mkono mwepesi ajabu. Mimi nimemjua kwa macho tu, maana barakoa haimtoki usoni. Alilitoa salama, lakini shavu likafura hata mume wangu Twalib akawa anihurumia kwa kuangalia pembeni. Mdomo haufunguki, kijiko cha chai chapita kwa kubembelezwa.

Dakta akaniambia kuna tiba ya leza. Nikasikia leza, nikaona moshi.

"Haichomi, dada," akanambia. "Ni taa tu. Yasaidia uvimbe ushuke na kidonda kipone upesi. Wengine huwafaa sana, wengine kidogo. Dawa zako na barafu usiache."

Nikavishwa miwani myeusi. Akanishikia shavuni kijiti chenye taa nyekundu. Nikakamata mikono ya kiti, nikafumba macho, nikaanza kusoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Nangoja maumivu. Sioni maumivu. Nangoja tena.

"Tumemaliza," akasema.

Mimi bado niko dua ya tatu!

Leo asubuhi ilikuwa mara ya tatu kutiwa hiyo leza. Jamani, mwenye kusifiwa asifiwe. Nimetoka pale, nikajitazama kwenye kioo cha tuktuk: shavu limelala! Nikapiga mwayo mzima mzima, haukuuma. Nimerudi nyumbani nikala mahamri mawili, siku nne sijatafuna kitu. Mtu mwengine angesujudu akashukuru. Mimi nikatamani livimbe tena.

Kisa ni hiki. Leo ndiyo siku ya kukunja sambusa za harusi ya wifi yangu Maimuna. Mavyaa yangu, Bi Rukia, mamake Twalib, alinipigia simu jana: "Mwanangu, shavu likishuka njoo utukunjie. Lisiposhuka, njoo ukae tu tukuone." Na mimi, naomba mnisitiri, sijui kukunja sambusa. Sijui! Manda, vile vichapati vyembamba vya kukunjia, yanikatikia mkononi, nyama yamwagika, nikitia kwenye mafuta zafunguka zote. Mwaka mzima wa ndoa nanunua kwa mama mmoja Majengo, nazipanga kwenye sahani yangu ya maua, nampelekea Bi Rukia zikiwa moto. Naye hunisifu mbele za watu: "Za mke wa Twalib, pembe zake zakata!" Nami huinamisha macho. (Eti naona haya!)

Sasa fikirieni. Mama huyo, siku nne hizi, kila asubuhi amenipandia ngazi na magoti yake mabovu kuniletea uji wa mchele. Akijua kuwa nimemdanganya mwaka mzima, na akajulia mbele ya jamaa zake wote, nitamtazama vipi tena? Nampenda yule mama. Hicho ndicho kilichonitia wazimu.

Nikachukua pamba. Nikaifinyanga, nikaifungia kwenye kipande cha shashi, nikaitia shavuni, mbele, mbali na kidonda. Nikajitazama kiooni. Mashallah, uvimbe umerudi! (Msijaribu. Nimeshagombezwa kwa niaba ya wote.)

Dereva wa tuktuk aliniona tu akasema, "Pole sana mama, jino hilo?" Nikaitika kwa kichwa, moyoni nafurahi, hila ishapita.

Nikafika. Ukumbi umejaa wanawake na madera yao, leso viunoni, mabeseni ya nyama ya kima na vitunguu katikati, manda yamepangwa chini ya kitambaa kibichi. Nikapewa pole mpaka pole zikaisha. Bi Rukia akaniwekea mto mgongoni. "Kaa hapa mwanangu, usiguse kitu." Wallahi nilikaa pale nikijiona sultani.

Mbele yangu kuna msichana wa dera la kijani anayekunja sambusa kwa upesi usio na mfano. Kunja, kunja, jaza, bandika. Nikawa namtazama kwa wivu. Kumbe naye anitazama. Simwelewi. Anatazama shavu, anarudi kwa sambusa, anatazama shavu. Mwisho akaweka manda chini, akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, hili shavu limeanza kuvimba saa ngapi?"

Ile sauti! Na yale macho! Yarabi tobe, ni Dakta Shufaa, bila barakoa! Kumbe amesoma na Maimuna tangu utotoni.

"Hiku hote," nikamjibu. (Pamba hiyo ndiyo inayosema.)

"Siku zote vipi? Asubuhi nimekutia leza kwa mkono wangu, shavu lilikuwa limelala kabisa!" Akageuka kwa Bi Rukia, rangi imemtoka. "Mama, likifura ghafla hivi huenda ni usaha, au damu. Twende kliniki sasa hivi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi Rukia aliacha sambusa ikaanguka, akalia, "Mwana wa watu jamani! Twalib ntamwambia nini?" Akachukua buibui, akalivaa ndani nje. Mmoja akateremka mbio kusimamisha gari. Maimuna, bibi harusi mwenyewe, akatoka chumbani na hina mbichi, mikono juu, machozi yamtiririka. Kwenye pembe ya ukumbi kuna bibi mmoja keshaanza kunisomea Yasini!

"Fungua mdomo," akasema Dakta.

Nikatikisa kichwa.

"Taya limekaza!" mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Ningeweza kuvumilia yote, hata Yasini. Lakini nilimwona Bi Rukia anahangaika kutafuta kiatu cha pili, huku anajifuta machozi kwa ncha ya buibui, moyo ukaniuma kweli. Nikafungua mdomo. Dakta akawasha tochi ya simu, akatia vidole viwili, na pamba ikatoka. Yatoka, yatoka. Akainyanyua juu, imelowa, yadondoka mate, wote wakaiona.

Hata Yasini ilikatika.

"Hii pamba si ya kliniki," akasema Dakta taratibu.

Akanimulika tena kinywani, na hapo uso wake ukakunjuka. "Lakini kidonda, mashallah! Hebu kitazameni." Basi wakaja! Mmoja mmoja, wanawake wa watu, kuchungulia kinywani mwangu. Nami nimeachama. "Siku nne tu?" "Taa peke yake?" "Na dawa, na barafu," Dakta akawajibu, "na si kila mtu hupoa hivi." Hawakumsikiliza. Mmoja akauliza kama hiyo leza yafaa na magoti. Kliniki ya Tudor kesho itajaa, nami ndiye tangazo lake.

Kisha Bi Rukia akasimama mbele yangu na kiatu kimoja. Akanitazama. Akaitazama pamba.

"Dakta," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "hii taa yako yatibu na uvivu?"

Lo! Nyumba ilitaka kuanguka kwa kicheko. Waliokuwa wakilia sasa wanalia kwa kucheka. Nikaitwa mvivu kwa kila lahaja ya pwani. Bi Rukia akanivuta kwa mkono, akaniketisha ubavuni pake, akanitupia leso yake mapajani, na chini ya leso hiyo akanitilia manda mkononi. Vidole vyake vikashika vyangu. Kunja hapa. Rudisha huku. Jaza, usizidishe.

Ndipo akaniinamia sikioni, polepole, asisikie mtu.

"Wacha wakuite mvivu, mwanangu. Mvivu husahauliwa keshokutwa. Asiyejua kukunja sambusa angeimbwa kwenye nyimbo za vugo mpaka harusi za wajukuu."

Mama huyu ajua! Tangu lini, sikuthubutu kuuliza, na macho yalinijaa maji hata sikuona pembe ninayokunja.

Basi nyinyi mnaocheka hapa, chekeni mvivu tu. Hayo mengine ni siri yangu na mavyaa yangu, na sasa yenu. Msiniangushe.