Mama Alipoombea Chai ya Mkaguzi wa Bima

Leo nimeaibishwa nikiwa nimefumba macho. Na aliyeniaibisha ni mama yangu mzazi, ambaye pia alikuwa amefumba macho.

Ngojeni niwaeleze polepole kabla hamjaanza kunitumia vile vikatuni vyenu vya kucheka.

Gari langu mnalijua. Lile jekundu la milango miwili, lililo chini hadi kuku hapiti uvunguni bila kuinama. Nilijinyima miaka sita kwa ajili ya hilo gari. Nilikula ugali na sukuma wiki mpaka nikasahau nyama huuzwa wapi. Nilipolipata nikawa naliosha kila asubuhi pale Majimbo, mjini Embu, ninakokaa, na majirani wakaanza kuniita Mkubwa. (Nilipenda. Sitawadanganya. Leo kudanganya nimekoma.)

Wiki mbili zilizopita, siku ya ile mvua, nikatoka Embu kwenda kumwonyesha mama. Mama anakaa karibu na Karurumo, juu ya mlima kabisa, na chini ya mlima kuna mto wenye daraja fupi ambalo mvua ikinyesha maji hupita juu yake. Nilikuta watu wamesimama kando wakingoja maji yapungue. Hata lori lilikuwa limesimama. Mtu mwenye akili akiona lori limeogopa, naye huogopa. Mimi nikapiga honi ili wanipishe.

Sitaki kusimulia yaliyofuata. (Mtayasikia tu. Hata Mungu ameshaambiwa.) Kwa kifupi, gari lilizimika katikati, maji yakaingia mpaka kwenye usukani, na jioni likafikishwa kwa mama likiwa halina uhai. Likawekwa nyuma ya jiko, na hapo ndipo limekaa hadi leo.

Sasa, bima ninayo. Ile kubwa, ya kila kitu, mafuriko yakiwemo. Lakini pia nina rafiki kazini anaitwa Murithi, ambaye hana gari, hana bima, na anajua mambo yote ya bima. Akaniambia, "Wewe, hao watu hawawezi kulipa mtu ameingia mtoni akiona. Andika gari lilikuwa limepaki nyumbani, maji ikalifuata."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu: gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwa mama yangu, mafuriko yakaja ghafla yakalifunika. Nikatia sahihi, ile yangu yenye mkia mrefu.

Jana simu ikaingia. Mkaguzi wa bima atakuja kesho yake asubuhi, na hataki gari lipelekwe gereji. Anataka kulionea pale pale mafuriko yalipolikuta. Usingizi ukaisha.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa kwa mama tayari. Nilimkuta anakamua ng'ombe, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua.

"Mugendi, mimi sisemi uongo," akasema. "Nimefika miaka sabini bila uongo, sitaanzia kwa gari."

"Sikuambii useme uongo, Mama. Nakuomba unyamaze tu."

Akafikiri kidogo. "Kunyamaza naweza."

"Hata akikuuliza?"

"Huyo mtu sitamwambia neno hata moja juu ya mto. Nimekuahidi."

Na mama akiahidi ameahidi. Nikapumua, nikaenda nyuma ya jiko kuangalia gari.

Boneti yote ilikuwa imeanikwa maharagwe. (Mama anasema linashika joto kuliko mkeka.) Kioo cha dereva kilibaki wazi tangu siku ile, na juu ya siti ya dereva, siti ya ngozi, alikuwa ameketi kuku. Nikanyoosha mkono.

"Huyo usimguse," mama akaita kutoka jikoni. "Ameatamia. Bado siku tisa."

Nilimbembeleza mama. Akakataa. Gari ni langu, lakini kuku ni wake na mayai ni yake. Kwa hivyo mkaguzi alipofika, gari langu la mbio lilikuwa na dereva.

Mkaguzi mwenyewe ni mwanamke, Madam Kendi, ametoka Meru, ofisi yao iko pale Makutano. Mtu mpole, gambuti miguuni, daftari mkononi. Alimsalimia mama kwa mikono miwili. Alipomwona kuku hakucheka. Alipiga picha, kuku akiwemo, akazunguka akafungua mlango wa upande wa pili. Watu wasiocheka ndio wa kuogopwa.

Akapitisha kidole kwenye mstari wa matope ndani ya mlango, akaandika. Akachuchumaa mbele ya gari, akaingiza mkono kwenye zile nafasi za kupitisha hewa, akavuta. Akatoa jani kubwa pamoja na bua lake.

"Hii ni nduma," akasema.

"Ni nduma," nikakubali. Ningesema ni nini, ndizi?

"Huku juu mnapanda nduma, Bwana Mugendi?"

Ndugu zangu, nduma hupandwa mtoni. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. "Huwa tunajaribu," nikasema.

Akamgeukia mama. "Mama, shamba lenu la nduma liko wapi?"

Mama akakaza midomo, akatazama mawinguni. Alikuwa ameahidi na alikuwa anatimiza.

"Mama siku hizi hasikii vizuri," nikasema.

Mama akanitupia jicho. Lile jicho lilikuwa na deni ndani yake, lakini wakati huo sikulisoma.

Madam Kendi akatembea mpaka mwisho wa ua. Ukisimama pale unaona bonde zima: migomba, kisha kahawa, kisha nyasi za nepia, na kule chini kabisa mto, mwembamba kama kamba ya kiatu. Akasimama pale muda mrefu.

"Kwa hivyo maji yalifika hapa," akasema.

"Yalikuja ghafla sana, Madam."

"Na ile nyumba ya mabati mapya, iko chini yenu. Haikuguswa?"

"Ile iliponea."

"Na lile kanisa chini yake?"

"Pia."

"Na hili jiko la mama? Liko hatua mbili kutoka kwa gari, na ukuta ni wa udongo."

"Hiyo ni neema ya Mungu tu."

"Amina," mama akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu mgeni afike.

Madam Kendi akafunga daftari. Akasema amemaliza, ataandika ripoti yake. Hakuniambia mimi ni mwongo! Moyoni nikaanza kuimba. Nikakimbilia geti nimfungulie mwenyewe, kwa heshima zote, kabla hajafikiria jambo lingine.

"Unafungua geti uende wapi?" mama akauliza. "Mgeni atatoka kwangu na midomo mikavu?"

Nyinyi mnatujua. Kwetu mgeni haendi bila chai. Unaweza kuwa umekuja kumkamata mwenye nyumba, utakunywa chai kwanza. Madam Kendi naye ni mtoto wa Meru, hakubisha. Tukaingia ndani, mama akaleta chupa ya chai, vikombe, na sahani iliyofunikwa kitambaa. Akafunua.

Nduma. Za kuchemsha, moto moto, sahani imejaa.

Madam Kendi akaangalia nduma, akaniangalia mimi. Nikaangalia kalenda ukutani.

"Tuombe," mama akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwana wa Mkristo hapaswi kulisahau. Nilikuwa nimemfunga mama mdomo kwa mkaguzi. Kwa Mungu sikuwa nimemfunga. Nikasimama haraka. "Wacha niombe mimi, Mama."

"Wewe hujaniombea chai tangu darasa la nne. Keti."

Nikaketi. Nikabaki na tumaini moja, kwamba mama huomba kwa Kiembu. (Mtu wa Meru angeelewa tu, lugha zetu ni jirani, najua, lakini anayezama hushika hata nyasi.) Mama akakohoa, akafumba macho, na kwa heshima ya mgeni akaanza kwa Kiswahili, kile cha shule ya zamani, polepole, neno kwa neno.

"Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa chai hii, na kwa mgeni wetu uliyemtoa Meru salama."

"Amina," nikasema.

Mama akaipita amina yangu.

"Asante kwa maana wewe unaona kila kitu. Ulimwona huyu mtoto wangu siku ile, alipokatazwa na watu wazima asiingie kwa maji, akawapigia honi."

"Amina," nikasema kwa nguvu zaidi.

"Ulimwona, Baba, amepanda juu ya gari, ameshika viatu vyake vyeupe kwa kwapa visilowe, akiita mama, mama, kwa sauti niliyoisikia mimi nikiwa huku juu."

Nikafungua jicho moja. Madam Kendi alikuwa amefumba macho yote mawili, kichwa ameinamisha, mtu wa Mungu kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa unaandika.

"Ukamtuma jirani yetu Nyaga na ng'ombe zake wawili wakamvuta. Umbariki Nyaga. Umbariki yule ng'ombe mweusi, maana ndiye alivuta, yule mwingine alikuwa anakula nepia."

"Amina, Mama. Chai inapoa."

"Na sasa, Bwana, umsamehe kwa ile karatasi aliandika. Wewe ndiwe uliumba mito, na hakuna hata mmoja uliumba wa kupanda mlima. Na umsamehe kwa kusema mimi sisikii. Nasikia. Amina."

"Amina," akasema Madam Kendi, na akachukua nduma.

Alikula ile nduma yote, akafuta vidole, akanywa chai nusu kikombe.

"Bwana Mugendi," akasema, "nani alikuambia bima hailipi gari likizama mtoni?"

"Rafiki yangu."

"Ana bima gani?"

"Hana gari."

Akatikisa kichwa. "Bima yako imesema mafuriko. Haijasema gari liwe limesimama au linatembea. Ungeandika ukweli, ningepiga picha zangu nirudi Meru, na wewe ungekuwa unangoja kulipwa. Sasa shida si maji tena. Shida ni sahihi yako."

Jamani, hapo mzaha uliisha. Niliona miaka sita ya ugali na sukuma ikiteremka mtoni mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimeisukuma mwenyewe. Machozi yalinilenga, na si ya kuigiza. Nikamwambia ukweli: niliogopa, gari lile ndilo kitu pekee nilichowahi kununua, na nikaona aibu kuandika kwamba nililiingiza mtoni nikijigamba mbele ya lori.

Mama akamsogezea mgeni sahani. "Mwanangu, hakuna njia?"

Madam Kendi akavuta daftari lake. Kisha akachomoa karatasi nyeupe kwenye daftari, akaiweka mbele yangu. "Andika upya. Yote, leo, hapa. Nitapeleka zote mbili na niseme ulijirekebisha kabla sijafunga ripoti. Lakini siahidi kitu. Ofisi ndiyo itaamua."

Nikaandika. Mama akahamia kiti cha karibu, akawa anasoma juu ya bega langu.

"Umeruka honi," akasema.

Nikaandika honi.

"Na viatu."

"Mama, viatu si lazima."

"Andika viatu," akasema Madam Kendi, bila kuinua macho kutoka kwa kikombe.

Basi kuna karatasi sasa hivi inaelekea Makutano, na ndani yake nimekiri, mimi mwanaume mzima, kwamba niliokoa viatu kwanza ndipo nikaita mama. Shahidi ametia sahihi chini. Shahidi ni mama.

Mgeni alipokuwa anaondoka, mama alitaka kumpa mkungu wa ndizi. Akakataa kwa upole, akasema kazini hawaruhusiwi kupokea.

"Basi nikuombee safari," mama akasema.

"Hapana," nikasema mimi.

Madam Kendi akaaga, akaingia kwenye gari lake, na akidhani simwoni, akainamia usukani. Mabega yakatikisika mpaka nikadhani ameugua. Kumbe yule mkaguzi hucheka. Alikuwa anaweka akiba tu.

Nikarudi kwa mama. "Mama, uliniahidi."

"Niliahidi sitamwambia neno," akasema, huku akikusanya vikombe. "Kuna neno nimemwambia? Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Kama yule msichana alikuwa anasikiliza mazungumzo ya wenyewe, hayo ni makosa yake."

Kisha akaniambia nimalize nduma, zisipotee.

Nawaandikia haya nikiwa nimekaa nyuma ya jiko, kando ya gari. Jibu la ofisi sijui litakuja lini wala litasemaje. Kuku ananiangalia kupitia dirishani, na kati yetu sisi wawili ni yeye tu mwenye uhakika wa siti yake. Murithi, ukisoma hii, kesho usije kazini.

Nyinyi wengine mkitaka kucheka, chekeni. Ila tafadhali sana, mtu asiniombee.