Nafasi ya Mtu Mzima Kwenda Ng'ambo

Jumatatu, 3 Juni

Paroko ametangaza: vijana wetu wanakwenda ng'ambo! Kwanza vijana wa parokia rafiki watakuja kwetu, kisha wetu waende kwao. Pamoja nao, mtu mzima mmoja. Mmoja tu. Mimi ni mlezi wa vijana tangu nikiwa na nywele. Nani mwingine? Lakini mwalimu wa kwaya alitabasamu. Alikuwa akitabasamia nini?

Jumatano, 5 Juni

Kikao. Kiongozi wa wageni, mama wa rika letu, anatafutiwa nyumba ya kufikia. Mwalimu wa kwaya akainuka haraka, akasema afikie kwangu, maana chumba cha binti yetu aliyeolewa kiko wazi. Aha! Machale yakanicheza. Anataka nishinde nikichemsha maji ya kuoga huku yeye akimzunguka Paroko! Nikasema paa letu linavuja vibaya sana. Mke wangu akanigeukia taratibu. Paa tuliliezeka upya juzijuzi. Nikapendekeza mgeni afikie kwa mwalimu wa kwaya mwenyewe. Akakubali. Nimempiga chenga!

Jumamosi, 8 Juni

Wageni wamefika. Nimepita mbele ya nyumba ya mwalimu wa kwaya kuchunguza. Vicheko. Nikapita tena. Vicheko zaidi. Vya nini? Nikiwa narudi tena, mkewe akafungua lango na kuniuliza, shemeji, umedondosha kitu? Nikasema funguo. Jamani! Wakatoka wote kunisaidia kutafuta, mgeni naye akapiga magoti kando ya mtaro na gauni lake safi. Funguo zilikuwa mfukoni. Nilipoinama zikalia, kila mtu akasikia.

Jumapili, 9 Juni

Paroko kafafanua utaratibu mbele ya waumini wote. Mtu mzima atakayemkaribisha mgeni nyumbani kwake ndiye atakayekaribishwa kule, na ndiye atakayesafiri na vijana. Ndiyo maana ya kubadilishana, akasema. Watu wakampigia makofi mwalimu wa kwaya. Nami nikapiga, mikono mizito kama magunia. Mama watoto alitembea hatua kumi mbele yangu njia nzima. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu wa kwaya kaja kwangu, mpole kupita kiasi. Eti, kaka, mimi ndege siziwezi, nikiiona tu angani nainamisha macho. Eti ndiyo sababu alitaka mgeni afikie kwangu toka mwanzo, safari iwe yangu. Tukimchukua mgeni kwa siku zilizobaki, nafasi ni yetu, na Paroko ameridhia.

Mtu anagawa safari ya ng'ambo kama anagawa machungwa? Hapo pana jambo. Labda vijana watafanya fujo huko, lawama nibebe mimi. Labda kuna baridi ya kuua. Nikamwambia asante sana, mzigo wako beba mwenyewe. Nikajiona mwerevu kwa muda wa kumeza mate. Mama watoto akatoka jikoni akifuta mikono, akamwambia, shemeji, mlete mgeni wangu jioni hii hii, paa limepona. Kisha akanituma nikatandike kitanda.

Jumamosi, 3 Agosti

Wameondoka. Mama watoto mbele, vijana nyuma yake wakiimba. Nilimuuliza kama ana hakika Paroko hakukosea jina. Akaniambia, baba watoto, mwagilia bustani. Ndege ikapaa, nikabaki napungia dirisha nisilolijua.

Mwalimu wa kwaya, macho chini asije akaiona ndege, akanipa pole. Akasema, kaka, twende nikurudishe kwa gari langu, na kila jioni uje ule kwetu mpaka shemeji arudi. Kila jioni! Bure! Anatafuta nini huyu? Nikamwambia nimeshiba mpaka mwisho wa mwezi. Nimerudi kwa miguu. Mvua imeninyeshea yote, njaa inauma, jikoni sijui hata chumvi inakaa wapi. Lakini hanipati ng'o!