Koo la Papa Évariste

Alhamisi, 2 Oktoba

Siku nane kabla ya mtihani wa vitendo. Juni nilianguka. Nikianguka tena narudia mwaka mzima wa diploma, na nabaki muuguzi wa kawaida anayemsubiri daktari aje aandike dawa ambazo muuguzi anazijua tayari. Nikipita nitapima, nitaamua, nitaandika dawa kwa sahihi yangu mwenyewe. Nitakuwa na chumba chenye mlango. Kibao cha mlangoni nimeshatengenezesha: F. MWANIKI. Mke wangu Jemimah amekihifadhi chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Anasema kitatoka huko siku nitakayopita.

Mtihani wenyewe ni huu: unapewa mgonjwa kutoka foleni ya kliniki, dakika arobaini, na Sista Zodwa, mtahini wetu, ameketi pembeni na kalamu. Juni niliangukiwa na bibi mwenye magonjwa manne na binti aliyemjibia kila swali. Si haki.

Masika, Mkongo wa Butembo tuliyeanza naye kozi, alipita mara ya kwanza. Sasa ana chumba chake hapo hapo kliniki. Chenye mlango. Leo ameniambia kwa upole kwamba siri ni kusikiliza tu. Upole wake unanichosha.

Jumapili, 5 Oktoba

Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Kwenye orodha ya mtihani mimi ni wa kwanza. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kwenye foleni ni wangu. Kwa nini basi asiwe mtu ninayemjua?

Papa Évariste! Shemasi wetu, fundi cherehani hapa mtaani Bertrams, mtu asiyechelewa. Nilimfuata baada ya ibada. Alikubali papo hapo, akasema akimsaidia Docteur amelisaidia kanisa. Wakongo wote kanisani wananiita Docteur. Sijawahi kuwasahihisha. Kusahihisha watu wazima kila Jumapili ni kukosa adabu.

Ugonjwa tumemchagulia: koo. Linauma siku tatu, homa kidogo, basi. Koo nalijua vizuri. Nimemwahidi biriani ya Fordsburg siku nitakayopita.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi ya kwanza dukani kwake, katikati ya suruali za shule. Nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akasema kichwa. Nikamkumbusha kwamba ni koo. Tukaanza upya. Akasema koo, na kichwa pia, hasa asubuhi. Nikamweleza kwa subira kwamba mgonjwa mwenye dalili nyingi humharibia mtu mtihani. Alinielewa.

Nimelimulika koo lake mara sita. Koo safi la mtu anayeimba besi.

Kati ya zoezi na zoezi alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Nilimtungia mimi, ili tusipoteze muda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Papa Évariste ana tatizo la nidhamu. Leo amedai anaona sindano mbili. Nikamuuliza sindano zinahusiana vipi na koo. Akaomba msamaha. Tumerudia mara tano, jumla kumi na moja, na mwishowe alisema maneno yote bila kosa, akaongeza na kikohozi kidogo cha kwake. Kipaji!

Imebaki kadi ya vipimo. Kwenye benchi la vipimo kuna foleni nyingine, na tukianzia huko nafasi ya kwanza itatuponyoka. Kwa hiyo nimemjazia kadi hapa nyumbani. Presha: 120/80. Ni presha inayomfaa mtu wa heshima.

Jemimah aliniona, akauliza kama nimempima. Nikamjibu kwamba huyu si mgonjwa, ni maandalizi. Akaendelea kupiga pasi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa wa kwanza langoni, na suti ya Jumapili. Mpaka hapo, sharp, hakuna kasoro.

Kumbe mtahiniwa haruhusiwi kumtafsiria mgonjwa wake. Sista Zodwa, asiyejua Kiswahili, akaita mtu kutoka chumba cha pili. Masika. Eish.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Koo, siku tatu, homa kidogo, kikohozi. Masika akatafsiri. Nikashika kijiti cha kukandamizia ulimi, nikamulika, nikasema niliyoyaona. Niliona kabisa kibao changu kikitoka chini ya sinki. Ndipo Sista akamwomba Masika amuulize mzee kama kuna jambo jingine linalomsumbua.

Papa Évariste alinitazama mimi kwanza.

"Iko kichwa," akasema. "Lakini Docteur aliniambia ya kichwa nisiseme."

Masika alitafsiri neno kwa neno. Hakutabasamu. Ningependa angetabasamu.

Sista akaitazama kadi, akafunga mkanda wa presha kwenye mkono wa mzee yeye mwenyewe. 208 kwa 124. Akapima mkono wa pili. Akaita ambulansi. Wahudumu wakimwingiza garini, Papa Évariste alinishika mkono akauliza kama amekosea maneno.

Nilikiri yote kwa Sista, hata idadi ya mazoezi. Hakupandisha sauti.

"Umemchungulia koo mara kumi na moja," alisema, "na yeye mwenyewe hujamwona."

Jumapili, 12 Oktoba

Tumekwenda kumwona hospitali. Macho yamepona. Daktari wa wodi amesema wiki moja zaidi na pengine tungekuwa tunazungumza habari za kiharusi.

Nimeona aibu. Sina namna nyingine ya kuiandika. Mtu alinieleza ugonjwa wake kila tulipokutana, nami nikamfundisha kuuficha. Nilimwomba msamaha. Akasema hana neno, ila biriani isubiri, ameambiwa apunguze chumvi. Jemimah alinishika mkono mpaka tulipofika nyumbani.

Naapa hapa kwa wino: sitampanga mgonjwa tena maisha yangu yote.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimepewa onyo la maandishi na nafasi moja ya mwisho, Novemba. Safari hii kila mtu aje na mgonjwa wa presha anayemfuatilia mwenyewe. Mgonjwa wa presha! Ninaye! Na huyu sijampanga, huyu anaumwa kweli. Kiapo kiko palepale.

Masika amejitolea kusikiliza mazoezi yetu. Nimemshukuru, nimekataa.

Jioni nilipitia dukani na ukurasa mmoja wa majibu niliyomwandalia. Presha nimempima kwa mikono yangu: 138 kwa 86. Nilijivunia sana. Tulipofika mstari wa tatu akashika shingo.

"Docteur, sasa koo ndiyo inanibana," akasema. Tangu wambadilishie vidonge wiki iliyopita, midomo nayo inavimba.

Nikamweleza, kwa upole kama wa Masika, kwamba koo lilikuwa la mtihani uliopita. Sasa tuko kwenye presha. Akaomba msamaha, na tukaanza upya.